Boti Isiyokuwa na Mkubwa

Wiki jana Specioza binti Kahigwa alibaki kizimbani ameshika ubao kwa mikono miwili, kwa sababu hakimu alikuwa ametamka neno "hatia".

Kwa msomaji aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Specioza ni mjane wa Kihaya, muuza dagaa wa Pasiansi. Alikwenda kisiwa cha Kome kununua dagaa, akarudi kwa boti ya injini pamoja na shemeji yake Rwegasira, kaka wa marehemu mume wake. Walipokaribia Kamanga, jua la mchana likiwaka, polisi wakaisimamisha boti. Juu walikuta magunia ya dagaa. Chini walikuta magunia ya bangi.

Walikamatwa watatu: Rwegasira, Specioza, na fundi injini wa Kisukuma aitwaye Luhaga. Wote watatu wametiwa hatiani. Kilichobaki ni adhabu.

Kabla ya kuahirisha kesi, hakimu alikuwa amewaambia: "Kosa ni moja, lakini hamkulibeba sawa. Mkirudi, kila mtu atanieleza sehemu yake. Aliyebeba kidogo nitampunguzia. Aliyebeba kikubwa asinililie."

Maneno ya huruma hayo, au siyo? Specioza aliyasikia, kisha akaona jinsi shemeji yake alivyomtupia jicho Luhaga, na Luhaga alivyomtupia jicho yeye. Tangu siku ile hakulala vizuri. Ili mmoja awe mdogo, mwingine lazima awe mkubwa.

Asubuhi ya hukumu walipakiwa kwenye karandinga kutoka mahabusu ya Butimba. Askari alikaa mbele na dereva. Nyuma walibaki wao watatu, pingu mikononi, wakirushwa na mashimo ya barabara.

Rwegasira alisogea. Akaanza kusema Kihaya, ili Luhaga asielewe.

"Shemeji, namfikiria sana mtoto."

"Kemilembe hajambo," alijibu Specioza. "Yuko kwa Bi Mwanabaraka."

"Kwa watu baki. Mtoto wa marehemu ndugu yangu analelewa na watu baki, na sisi wa damu yake tuko hapa. Mmoja wetu lazima atoke haraka amlee."

"Atoke nani?"

Rwegasira alishusha sauti. "Wewe ni mwanamke, tena mjane. Hakimu gani atakufunga miaka mingi? Wewe sema boti ulikodi wewe. Sema mzigo ulipewa na watu usiowajua. Mimi nitasema nilikusindikiza tu, kama shemeji. Wataniachia, au watanipa kidogo. Nitamtunza mtoto mpaka utoke."

"Na boti alikodi nani, shemeji?"

"Hayo yameshapita."

"Nakuuliza. Alikodi nani?"

"Unaniuliza kama polisi!"

Hapo Luhaga akakohoa. Akasema, kwa Kihaya kilichonyooka, "Injini za boti za Kemondo, kule kwenu Uhayani, nimezitengeneza miaka mingi, mzee. Msinionee haya, endeleeni."

Rwegasira alitema mate sakafuni kama aliyemeza nzi. Luhaga akamgeukia Specioza, akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomtia Specioza baridi. Nia ya shemeji yake alikuwa ameielewa sasa. Mtu huyu mwingine hakumwelewa hata chembe, na mtu huyu alikuwa amemwona.

Mahakamani Specioza aliapa kwamba hakujua kilichokuwa chini ya dagaa wake. Sivyo ilivyokuwa. Kule Kome, alipokaa juu ya magunia ya pembeni, yasiyofunikwa na dagaa, lile la chini yake lilibonyea. Gunia la dagaa halibonyei vile. Akainama, akanusa, akamwuliza Luhaga, "Hili gunia ni la nini?"

"Tumbaku, mayu. Kaa."

Luhaga alimwita mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, na kwa upole kabisa. Lakini Specioza tumbaku anaijua; babu yake aliivuta kwenye kiko mpaka siku aliyokufa. Ile haikuwa tumbaku. Akakaa. Dagaa wake walikuwa wameshapakiwa, shemeji yake alikuwa amekaa mbele kama bwana harusi, na boti nyingine siku ile haikuwepo.

Polisi walipotokeza, gunia moja lilikuwa limepasuka ubavuni, majani yanachungulia. Specioza alivua kanga yake ya begani, akaitandika juu ya pale palipopasuka, akakaa juu yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alipoinua macho, Luhaga alikuwa anamtazama.

Hakulitaja jambo lile polisi, wala siku ya ushahidi. Kwa nini? Mtu asiye ndugu yako akikufichia jambo zito namna ile, analiweka akiba. Na akiba huwekwa kwa siku kama ya leo.

*

Uani mwa mahakama walikuwa wamejaa watu. Bi Mwanabaraka alikuwa amefika kabla yao. Amevaa buibui, ana chupa ya chai mkononi, na kando yake amesimama Kemilembe, nywele zimesukwa, gauni limepigwa pasi.

"Shikamoo, Bi Mwanabaraka."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kunywa chai kwanza, askari nimeshamwomba."

Mama huyu ni wa ukoo wa mjini, ukoo wa watu wa duka. Specioza alipanga chumba kwake Pasiansi. Tangu akamatwe, ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto na kuja Butimba na kikapu cha chakula, bila kukosa, kuliko hata watu wa kanisani kwake.

Specioza akamkumbatia mwanawe kwa mikono yenye pingu. Mtoto alinukia mafuta ya nazi.

"Mama, leo tunakwenda nyumbani?"

"Tutaona, mwanangu."

Bi Mwanabaraka aliinama karibu na sikio lake. "Sikiliza. Shemeji yako amekwambia nini huko garini? Usimfuate. Na usimtaje mtu yeyote. Sema ulivyosema mwanzo: hukujua. Asiyejua hana sehemu, na asiye na sehemu hafungwi."

"Sawa, Bi."

"Hakuna jina linalotoka mdomoni mwako likakurudia kwa heri. Unanisikia? Fikiria mtoto."

Specioza aliitikia. Alipokuwa anarudisha kikombe ndipo akajiuliza: huyu amejuaje kwamba Rwegasira amenena nami garini? Kisha akajionea aibu. Mtu amekulelea mtoto, unampekua maneno kama polisi wanavyopekua mizigo. Mahabusu imekuharibu, Specioza. Utaishia kukishuku hata kivuli chako.

Aliyemwita baadaye alikuwa Inspekta Chenge, mwendesha mashtaka. Alimvuta pembeni, ukutani.

"Dada Specioza," alisema. Kesi nzima alikuwa amemwita mshtakiwa wa pili. "Watu wa boti siyo wenye mali. Mimi najua, na wewe unajua. Nipe jina la mwenye mzigo. Nikisimama mbele ya hakimu nitasema wewe ulikuwa mdogo, apunguze."

"Jina sina, afande."

"Basi nitasema nilichonacho. Dagaa wako ndio waliokuwa mfuniko. Bila harufu ya dagaa wako, boti ile isingethubutu kuja mjini. Mfuniko siyo kitu kidogo."

"Afande, mimi nilikwenda kununua dagaa."

"Utafungwa kwa ajili ya mtu anayekula sato wake mjini kwa raha zake. Haya, fikiri."

Akaondoka. Specioza alibaki na ukuta. Shemeji anamtaka awe mkubwa. Bi Mwanabaraka anamtaka awe bubu. Inspekta anamtaka awe na jina. Na Luhaga, anayejua, hajasema anataka nini.

*

Hakimu Josephat alikuwa mtu wa miwani minene na sauti ndogo, iliyowalazimu watu wote kunyamaza ili wamsikie. Alimwita Luhaga kwanza.

"Sehemu yako ilikuwa nini?"

"Injini, Mheshimiwa. Injini haiulizi kilichopakiwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Injini haina mdomo. Wewe unao."

Luhaga akainamisha kichwa. "Kweli. Nilijua. Nilipewa ujira wangu wa safari, uleule ningepewa kama tungebeba mihogo. Mzigo sikuutafuta, wala aliyeupokea sikumjua. Lakini nilijua."

Inspekta Chenge akasimama. "Na huyu mwanamke alikuwa na sehemu gani?"

Specioza alishika ubao wa kizimba. Haya, akiba inatolewa sasa.

Luhaga alimtazama Specioza. "Mama huyu aliniuliza gunia ni la nini. Nikamwambia tumbaku. Nilimdanganya."

"Baada ya hapo? Hakufanya jambo lingine lolote?"

"Alikaa tu," alisema Luhaga.

Ungedhani Specioza angeshusha pumzi. Badala yake alizidi kuogopa. Amenifichia tena, mbele ya hakimu, tena baada ya kuapa. Kwa nini? Atanidai nini mtu huyu, na lini?

Akaitwa yeye. Maneno ya Bi Mwanabaraka alikuwa nayo tayari mdomoni, hukujua, hukujua, mepesi kama punje za ulezi. Inspekta alisimama akasema yale ya mfuniko, akayasema vizuri, hata mama mmoja mbele akatikisa kichwa kwa kumsikitikia Specioza.

"Una la kusema?" akauliza hakimu. "Nakuona una nafasi nzuri. Mwenzako amesema ulidanganywa."

Specioza alifungua mdomo. "Mheshimiwa, nilijua."

Nyuma kulitokea mguno.

"Ulijua nini?"

"Niliposikia harufu nilijua siyo tumbaku. Nikanyamaza. Na polisi walipokuja, gunia lilikuwa limepasuka. Nikalifunika kwa kanga yangu, nikakaa juu. Hakuna aliyenituma. Huyu fundi aliniona, hakusema."

Rwegasira alipiga paji la uso kwa mkono wenye pingu. Hakimu alivua miwani.

"Mama, unaelewa unachokifanya? Siku ya ushahidi uliapa hapahapa kwamba hukujua."

"Niliapa uongo, Mheshimiwa."

"Na leo nilikuwa naelekea kukuachia bila swali. Kwa nini unajiongezea?"

Specioza alifuta machozi kwa kiwiko. "Nimechoka kumwogopa mtu kwa sababu aliniona. Kila akicheka nafikiri ananiuza. Kama ni kufungwa, nifungwe, lakini nisiwe mateka wa mtu."

Hakimu alimgeukia Luhaga taratibu. "Kwa hiyo wewe umeificha mahakama ukweli."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Alikuahidi nini?"

"Hakuniahidi kitu. Hatujawahi hata kuzungumza." Luhaga alikuna shingo. "Kule Kome nilimdanganya, akakaa. Asingekaa kama ningemwambia kweli. Nikaona siyo haki nimvike uongo, halafu nimvue mbele ya watu."

Specioza alitamani sakafu immeze. Miezi yote ile alimkwepa mtu huyu macho, akamwita nyoka moyoni, akamwombea mabaya kwenye rozari yake. Na mtu mwenyewe alikuwa anamwonea aibu tu, kama yeye.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma.

Luhaga alijua na akaendesha. Lakini mzigo haukuwa wake, safari hakuipanga, na faida hakuwa nayo. Uongo wake wa leo umehesabiwa. Kifungo cha mwaka mmoja.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Luhaga, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa saizi yake.

"Mshtakiwa wa pili. Kanga ile ni kosa, na nimelisikia. Inspekta anasema mfuniko siyo kitu kidogo. Ni kweli, lakini mfuniko haupiki. Hukukodi boti, hukuchagua njia, hukujua mzigo ni wa nani wala unakwenda kwa nani. Ulikuta jambo kubwa limeshapangwa, ukaweka mkono wako mdogo juu yake. Na umeniambia lile ambalo hakuna aliyeweza kunithibitishia bila wewe. Nakupa kifungo cha nje. Ukitenda kosa jingine kabla muda haujaisha, au ukinidanganya tena hapa, utaingia ndani. Umeelewa?"

Hakuelewa. Askari wa kike ndiye aliyemnong'oneza, "Unakwenda nyumbani, dada," akimfungua pingu.

Specioza aligeuka kumtafuta Kemilembe. Alimwona nyuma kabisa, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, miguu haifiki chini. Bi Mwanabaraka alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya buibui. Analia kwa furaha, Specioza aliwaza, na yeye akaanza kulia.

*

Akabaki Rwegasira.

"Mheshimiwa, mimi pia ni mdogo," alianza. "Nilimsindikiza shemeji. Boti alikodi yeye."

"Mwenye boti alisimama hapo ulipo," alisema hakimu, "akasema ulikodi wewe."

"Nilitumwa kukodi."

"Na magunia?"

"Nilitumwa kuyasimamia. Mimi ni wa kusimamia tu."

Hakimu alivua miwani mara ya pili. "Nimemsikia wa injini, mdogo. Nimemsikia wa kanga, mdogo. Sasa na wewe mdogo. Boti imekamatwa na mzigo wa kujaza lori, na ndani yake hamna mkubwa hata mmoja! Imejipakia yenyewe?"

Safari hii watu walicheka kwa nguvu, na kicheko kile ndicho kilichomvunja Rwegasira. Alitazama kushoto, Luhaga ana mwaka wake. Alitazama kulia, shemeji yake hana pingu. Miaka yote iliyopunguzwa kwa wenzake aliiona inamjia yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa umegeuka wake peke yake, na hakuna wa kumpokea.

"Mheshimiwa," alisema, sauti ikipasuka, "nikimtaja mwenye mzigo utanipunguzia?"

"Sinunui majina. Ukisema kweli, nitaipima kama nilivyozipima zao."

"Mwenye mzigo yumo humu ndani."

Inspekta Chenge alisimama bila kuombwa.

Rwegasira aliinua mikono yote miwili, maana pingu haziruhusu kunyoosha mmoja, akaelekeza nyuma, kwenye benchi la mwisho. "Yule pale. Mwenye buibui. Ndiye aliyemtuma shemeji yangu Kome kununua dagaa. Mimi nilikuwa nafuata amri zake tu."

Vichwa vyote viligeuka. Bi Mwanabaraka alikuwa ameshasimama. Alikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na mkono wake wa kulia umeshika mkono wa Kemilembe.

Mwongo! Specioza alitaka kupiga kelele. Mwongo mkubwa huyu, tangu asubuhi anatafuta wa kumtwisha, nilipokataa mimi sasa anamrukia mama wa watu! Ni kweli Bi Mwanabaraka ndiye aliyemwambia, nenda Kome, dagaa wa Kome wana bei. Nani asiyemwambia mpangaji wake maneno kama hayo? Alipiga hatua mbele amtetee.

"Hakuna kusema!" Sauti ndogo ya hakimu kumbe iliweza kuwa kubwa. "Askari, mlango. Wewe mama, usiondoke. Njoo mbele."

Bi Mwanabaraka alikuja polepole, mtoto kando yake. Aliliweka buibui lake vizuri.

"Unawafahamu washtakiwa hawa?"

"Siwafahamu, Mheshimiwa."

Specioza alidhani amesikia vibaya.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nilikuwa napita kwenda sokoni, nikaona watu wamejaa, nikaingia kusikiliza." Aliposema hivyo alimtazama Specioza usoni, kwa utulivu uleule aliokuwa nao uani akimpa chai. Na Specioza alimwona akibana mkono wa Kemilembe, mpaka mtoto akakunja uso.

Specioza alimtazama mwanawe. Mwanawe alimtazama yeye, midomo imebana, kama mtoto aliyefundishwa nyumbani asiseme kitu.

Hakimu aliinama mbele juu ya meza.

"Na huyo mtoto uliyemshika," akauliza, "ni wa nani?"

"Wangu," alisema Bi Mwanabaraka.